Wazo Dogo Lipewe Njia: Namna ya Kuboresha Huduma za Umma na Biashara Ndogo Vijijini Mwetu

Katika vijiji vya Mugeta na maeneo mengine ya Bunda, Butiama na Musoma, hawakosekani watu wanaojua kasoro ya huduma ilipo. Mama aliyefika zahanati alfajiri akiwa na mtoto mwenye homa anajua mahali foleni inapokwama. Mkulima wa pamba anajua mabishano ya mizani huanzia wapi. Kijana aliyetembea mwendo mrefu kufuata barua ya utambulisho, akaambiwa arudi kesho na kiambatisho kilichokosekana, anajua ni maneno gani yangepaswa kuandikwa mlangoni mwa ofisi. Maarifa haya mara nyingi huishia njiani, katika mazungumzo ya kurudi nyumbani, na kasoro ileile humpata mtu mwingine siku inayofuata.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Makala hii inauliza swali linalofuata: yule anayekilalia afanye nini ili ujuzi wake ubadilishe jambo? Tunapenda kueleza kwamba wazo dogo, hata lisilohitaji fedha nyingi, linaweza kuboresha huduma ya umma au biashara, ila linahitaji njia. Lipate mahali pa kusemwa, muda wa kujaribiwa, na mtu mwenye wajibu wa kulijibu. Likikosa njia hiyo, hufa, na aliyelitoa hujifunza kunyamaza.

Foleni mbele ya Musa

Mfano wa kale kabisa tulio nao ni wa foleni. Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kinasimulia jinsi Yethro alivyomtembelea mkwewe Musa jangwani. Akaona watu wamesimama kuanzia asubuhi hadi jioni wakingojea kuamuliwa mashauri yao, na Musa peke yake ameketi akiwasikiliza. Yethro alitambua kwamba utaratibu ule ungemchosha anayehudumia pamoja na wanaohudumiwa. Akashauri wachaguliwe watu waaminifu wa kusimamia makundi ya maelfu, mamia, hamsini na kumi. Mashauri madogo yaamuliwe huko, na yale magumu ndiyo yafikishwe kwa Musa.

Tuzingatie mambo matatu katika simulizi hili. Yethro alitazama kwanza kabla ya kushauri. Ushauri wake ulikuwa mahususi, hata idadi ya watu katika kila kundi ilitajwa. Naye Musa, pamoja na ukubwa wa cheo chake, aliusikiliza na kuutekeleza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Lakini mwenyeji hawezi kupona asipokubali kusikiliza.

Mizani ya pamba katika Kanda ya Ziwa

Mfano wa pili unatoka kwetu. Kabla ya uhuru, wakulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa waliuza mavuno yao kwa wafanyabiashara waliokuwa na maduka ya kununulia na vinu vya kuchambulia. Malalamiko makubwa yalikuwa juu ya mizani. Mkulima alileta mzigo aliouhangaikia msimu mzima, akasomewa uzito asioweza kuuhakiki, akapokea malipo yanayolingana na uzito huo. Kulalamika kulikuwepo kwa miaka mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kulifanyia kazi wazo jepesi: wawe na wapimaji wao wenyewe. Mkulima akipima pamba yake kwa mpimaji anayemwamini kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi, anakwenda akijua uzito wake, na mnunuzi anajua kwamba mkulima anaujua. Kutokana na juhudi za namna hii, zikiongozwa na watu kama Paul Bomani wa Mwanza, vyama vya msingi vilienea na mwaka 1955 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, ambacho kilikua kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwanzoni kabisa palikuwa na mizani ya pili na mtu wa kuaminika wa kuisoma.

Njia ilipofungwa

Historia yetu inatufundisha pia kinachotokea njia ya mawazo inapofungwa. Mwaka 1972, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na shughuli zake zikawekwa mikononi mwa watendaji wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na ununuzi wa mazao ukahamia kwenye mamlaka za mazao. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo. Lakini mwananchi aliyekuwa na jambo la kusema kuhusu barabara, zahanati au bei ya pamba alibaki na vikao vichache vyenye uwezo wa kuamua. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha ushirika na serikali za mitaa.

Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, jirani yetu, alikiri katika mahojiano ya mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, mambo mawili asingeyarudia: kuzivunja serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Aliviona vyombo hivyo kuwa njia za wananchi kushiriki katika mambo yao, njia ambazo ziliondolewa kwa haraka. Ni funzo zito, kwa kuwa linatoka kwa kiongozi aliyewapenda watu wa vijijini na kuwatakia mema kwa moyo wote.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yanaliita jambo hili kanuni ya auni. Papa Pio XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno: jambo linaloweza kufanywa vizuri na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na chombo kikubwa zaidi, chombo kikubwa kiwepo kusaidia pale nguvu ya wadogo inapoishia. Kwa lugha ya kijiji, mpangilio wa benchi za zahanati usisubiri uamuzi wa mkoa.

Maneno matano kutoka Mbeya

Je, mawazo madogo yanaweza kupangwa yakawa utaratibu wa kazi wa kila siku? Hospitali ya Rufaa ya Mbeya imetoa jibu. Mwaka 2007 hospitali hiyo ilichaguliwa kuwa ya majaribio ya mbinu iliyotoka Japani na kuletwa kwa ushirikiano na shirika la JICA. Mfano ulioigwa ulikuwa wa hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, Sri Lanka, nchi ambayo nayo haikuwa tajiri. Mbinu hiyo huitwa Kaizeni, maana yake mabadiliko ya kuelekea ubora, hatua kwa hatua, yanayofanywa na wafanyakazi wenyewe. Huko Japani, kiwanda cha magari cha Toyota kilianza mwaka 1951 utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi wake wa ngazi zote.

Msingi wake una hatua tano, ambazo katika Kiswahili zimepewa maneno yanayoanza na herufi moja: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Kusasambua ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, na kukiondoa hicho cha pili. Kuseti ni kukipa kila kifaa mahali pake, ili kipatikane bila kutafutwa. Kusafisha kunajulikana, ila hapa kuna lengo la pili: anayefuta meza au mashine ndiye anayeona ufa na mvujo mapema. Kusanifisha ni kukubaliana utaratibu mmoja unaofuatwa na kila zamu. Kushikilia ni kuufanya utaratibu huo kuwa tabia, hata msimamizi asipokuwepo. Kutoka Mbeya mbinu hii ilienezwa katika hospitali nyingine nchini, na kuanzia mwaka 2013 Wizara yenye dhamana ya viwanda iliianzisha pia kwa wenye viwanda, wakiwemo wadogo.

Katika zahanati na ofisi

Tuyalete maneno hayo karibu. Katika zahanati, kadi za namba zilizokatwa kutoka kwenye maboksi matupu huondoa ugomvi wa nani alitangulia, na humwezesha mama kukaa kivulini badala ya kulinda nafasi yake kwa kusimama. Mtoto mwenye degedege au mjamzito mwenye uchungu hupewa kadi ya rangi tofauti, na kila aliyepo anaelewa kwa nini anatangulizwa. Majalada yakipangwa kwa vitongoji, lile linalotafutwa hupatikana mapema. Dawa zikipangwa ili ile inayokaribia kwisha muda itangulie mbele ya rafu, hutolewa kwanza, na zinazoharibika hupungua.

Katika ofisi ya kijiji, karatasi moja iliyobandikwa mlangoni inaweza kuokoa safari nyingi. Iandikwe kila barua inahitaji nini, mtendaji anapatikana siku na saa zipi, na akitoka amekwenda wapi na atarudi lini. Ofisi ya parokia nayo ni ofisi ya huduma. Anayefuata cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa anastahili kujua mapema aje na nini, na rejista zilizopangwa kwa miaka humpunguzia kungoja.

Katika biashara ndogo

Mwenye duka dogo anaweza kuanza na daftari la pili, tofauti na lile la mauzo. Humo aandike kila kitu kilichoulizwa na mteja na kikakosekana. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litamwonyesha cha kununua mnadani kwa uhakika kuliko kubahatisha. Fedha ya duka na fedha ya nyumbani zikae katika mikebe miwili; mwenye duka ajilipe kiasi alichopanga, na chochote anachochukua rafuni kwa matumizi ya nyumbani kiandikwe kama mauzo. Biashara nyingi ndogo hufa polepole kwa sukari na sabuni zilizotoka bila kuandikwa.

Fundi baiskeli au pikipiki achore kwa rangi ukutani umbo la kila spana mahali inapotundikwa. Jioni, umbo lisilo na spana litamweleza kilichopotea kabla mteja hajaondoka mbali. Mwenye mashine ya kusaga ahakikishe mizani yake imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na stika ionekane, kwani mteja anayeamini mizani hahitaji kubishana, na foleni huenda haraka.

Kwa ndugu zetu wa kando ya ziwa, tunakumbusha wazo la chanja. Dagaa wanaoanikwa juu ya chanja, badala ya mchangani, hupitiwa na hewa pande zote na hukauka wakiwa safi. Mnunuzi anayewatia mkononi asikute mchanga hulipa bei nzuri zaidi. Chanja hujengwa kwa miti na nyavu kuukuu, vitu ambavyo havikosekani katika mialo mingi.

Njia zilizopo tayari

Wengi wetu hatufahamu kwamba njia za kupeleka mawazo tayari zipo kisheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo cha juu kabisa katika mambo ya kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, na unapaswa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Asiyehudhuria huwaachia wengine nafasi ya kuamua kwa niaba yake, halafu hulalamika kilabuni.

Zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, sehemu ya fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kamati hushiriki kupanga matumizi yake. Kwa hiyo wazo la kununua ndoo za kunawia mikono au kutengeneza rafu ya dawa linaweza kuamuliwa papo hapo kijijini. Kwa mwenye simu ya kawaida, mfumo wa serikali wa e-Mrejesho hupokea malalamiko, maoni na pongezi kupitia *152*00#. Vyama vya msingi vya ushirika vina mikutano mikuu ya wanachama, na huko ndiko swali la mizani ya pamba linapopaswa kuulizwa. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Jumuiya inaweza kuchukua jambo moja la huduma, ikalichunguza, na kumtuma mjumbe wake kwenye mkutano wa kijiji akiwa na maneno yaliyopangwa.

Hatua tano za wazo

Ili wazo lisikike, tunashauri lipitie hatua zifuatazo.

Kwanza, hesabu. Badala ya kusema foleni ni ndefu sana, tia punje ya mahindi katika mkebe kwa kila mtu anayefika kabla ya saa tatu, na punje nyingine katika mkebe wa pili kwa kila anayehudumiwa kabla ya saa hiyo. Fanya hivyo kwa wiki moja. Mikebe miwili iliyowekwa mezani hubishaniwa kwa shida.

Pili, sema wazo kwa sentensi moja, ukitaja nani atafanya nini na gharama yake. Malalamiko marefu humfanya anayehusika ajitetee. Pendekezo fupi humpa kitu cha kukubali au kukataa.

Tatu, omba majaribio ya muda mfupi, tuseme wiki mbili. Kiongozi anayeogopa kubadilisha utaratibu moja kwa moja anaweza kukubali kujaribu.

Nne, hesabu tena kwa mikebe ileile. Hali isipobadilika, wazo liachwe bila kumlaumu aliyelitoa.

Tano, jibu. Hatua hii inawahusu wenye dhamana. Sanduku la maoni lililotundikwa ukutani bila kufunguliwa ni kama kisima kilichofunikwa. Tunapendekeza sanduku lifunguliwe siku moja maalumu kila mwezi mbele ya wajumbe wawili au zaidi, na majibu yabandikwe ubaoni: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, na lipi limepelekwa ngazi ya juu. Mtu aliyekataliwa kwa sababu inayoeleweka huleta wazo jingine.

Mipaka yake

Haki inatudai tuseme pia kile ambacho mawazo madogo hayawezi kufanya. Rafu iliyopangwa vizuri haizai dawa, na kadi za namba haziongezi muuguzi wa pili. Kuna wajibu ambao ni wa serikali na wa halmashauri, na wananchi wasibebeshwe kwa kisingizio cha ubunifu. Hata hivyo utaratibu mzuri huimarisha madai ya haki. Kituo kinachoandika tarehe ambayo kila dawa iliisha kinaweza kupeleka Bohari ya Dawa maombi yanayolingana na mahitaji halisi, na kamati yake inaweza kusimama mbele ya diwani ikiwa na tarehe mkononi badala ya manung'uniko.

Mpaka wa pili ni woga. Muuguzi mdogo hutoa wazo pale tu anapojua kwamba halitachukuliwa kuwa ukaidi. Mwananchi huuliza kuhusu mapato na matumizi pale tu anapojua kwamba hataitwa mchochezi. Wenye vyeo wakumbuke Musa alivyomsikiliza mzee aliyefika jana yake kutoka Midiani. Unyenyekevu huo ndio uliowaondoa watu juani.

Tunawaalika basi, kila mmoja mahali pake, kuchagua jambo moja tu kabla ya mkutano mkuu ujao wa kijiji: liangaliwe, lihesabiwe, na lisemwe kwa sentensi moja mbele ya wote. Watendaji, wauguzi, viongozi wa ushirika na sisi tunaohudumu maparokiani tunaalikwa kwa namna ya pekee kubandika majibu yetu mahali ambapo kila mtu atayasoma.